Nani Mwenye Klabu ya Vijana?

Kila jioni, jua linapoanza kulegea, viwanja vya wilaya zetu mbili za Ngara na Biharamulo hujaa watoto. Ukitoka Kabanga mpakani ukapita Rulenge na Benako, ukaenda hadi Lusahunga, Nyakahura na mjini Biharamulo, utawakuta wakikimbizana na mpira, wengine wakiwa na njumu, wengine miguu mitupu, chini ya uangalizi wa mwalimu wa shule au kijana ambaye hapati senti moja kwa kazi hiyo. Milingoti ya magoli ni ya mikaratusi. Nyavu hutungwa siku ya mechi ya maana tu. Hizi ndizo klabu zetu za vijana: hazina mwenye hisa, hazigawi faida, na huendeshwa kwa michango ya wazazi, sadaka za watu wenye moyo na kujitolea kwa wachache.

Leo tunapenda kulizungumzia swali ambalo viongozi wa klabu hizo hawana budi kuwa na jibu lake kabla halijaulizwa. Akija mtu mwenye fedha, au kampuni, akasema anataka kuinunua klabu ya namna hii, atakuwa ananunua kitu gani hasa? Na ni nani mwenye haki ya kumwuzia?

Swali hili si la kupitishia muda. Mwezi Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa msingi wa mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, ambamo Taifa lina asilimia 16 ya umiliki. Huko Biharamulo, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka uliochimbwa na kampuni ya Barrick kuanzia mwaka 2005 ulichukuliwa na Shirika la Madini la Taifa mwaka 2013, na ndipo ikazaliwa kampuni ya STAMIGOLD. Aidha marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanawataka wenye migodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii inayowazunguka, na kukubaliana juu yake na halmashauri. Palipo na fedha za namna hiyo, mpira wa miguu hauchelewi kutajwa. Hakuna zawadi inayoonekana upesi machoni pa wananchi kama jezi mpya, na jambo hilo wanalifahamu vyema wenye kampuni, na wanalifahamu vyema zaidi wenye kugombea kura.

Majirani zetu wa Geita wamekwisha kutuonyesha faida yake na mashaka yake. Geita Gold, timu ya Halmashauri ya Mji wa Geita iliyopata udhamini wa mgodi mkubwa wa dhahabu wa huko, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021. Katika msimu wake wa kwanza ilishika nafasi ya nne, ikapata kushiriki Kombe la Shirikisho la Afrika, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Mji mzima ulisimama. Lakini msimu wa 2023/24 ulipomalizika timu hiyo ilishuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Hatuyasemi haya kwa kuwacheka majirani. Kushuka ni sehemu ya mchezo, na timu iliyo chini ya halmashauri, hata ikishuka, yabaki kuwa ya Geita. Mashaka yetu ni juu ya timu ambayo hata kubaki mahali pake hakuna hakika.

Mfano wa hayo umetokea hapa hapa Tanzania, na si zamani. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, mkoani Mbeya. Watu wa Ubaruku waliizoea, wakaiona ikipanda Ligi Kuu mwaka 2020, na uwanja wao wa Highland Estates ukapokea vigogo wa soka nchini. Mwaka 2024 timu hiyo ilihamishiwa Singida, na baadaye ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars. Huko Singida kwenyewe ilikuwapo Singida Big Stars, ambayo mwaka 2023 ilikuwa imeunganishwa na Fountain Gate ikawa Singida Fountain Gate. Nayo mwaka huo huo wa 2024 ikaondoka kwenda Babati, mkoani Manyara, kwa jina la Fountain Gate. Msomaji asipoelewa vizuri nani alitoka wapi akaenda wapi, asijilaumu. Ndivyo ilivyo pindi nafasi ya timu katika ligi inapokuwa mali inayoweza kutiwa ndani ya gari na kupelekwa mji mwingine. Wenye mali walikuwa na sababu zao, na wananchi wa Singida walifurahi. Lakini yule mtoto wa Ubaruku, aliyekuwa akiruka ukuta kwenda kutazama mazoezi, hakuna aliyemwuliza.

Hizo zilikuwa timu za watu wazima, zenye nafasi ya Ligi Kuu ya kuuzwa. Klabu ya watoto wa Rulenge au Nyakahura haina nafasi hiyo. Basi tuipime kama afanyavyo mnunuzi yeyote wa biashara, tuone kilichomo ndani ya kapu.

Mnunuzi hutazama kwanza faida. Klabu hizi hazina faida. Zina mapato kidogo yatokanayo na michango, nayo huisha kabla ya msimu kwisha. Tena michango hiyo hutolewa kwa sababu klabu si ya mtu. Mzazi anayetoa shilingi elfu mbili za nauli ya gari la kwenda kucheza Biharamulo mjini atazitoa kwa shida, lakini atazitoa. Siku atakapoambiwa kwamba klabu ni ya bwana fulani, atasema bwana fulani na alipe nauli. Mwalimu anayefundisha bila malipo atasema vivyo hivyo, na atakuwa na haki. Nani atajichosha kila jioni bure ili mwingine apate faida? Kwa hiyo jambo kubwa linaloifanya klabu iwe hai, yaani kazi ya kujitolea, hutoweka siku ile ile ya kutiwa saini hati ya mauzo. Mnunuzi akitaka kuirudisha itambidi ailipie mishahara, na hapo hesabu yake itageuka kuwa nyingine kabisa.

Baada ya faida hutazamwa mali. Mipira, fulana za mazoezi, pengine pikipiki moja. Kiwanja mara nyingi ni cha shule, cha parokia au cha kijiji. Tunapenda kuwakumbusha viongozi kwamba ardhi ya kijiji inalindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwamba mamlaka ya kuigawa hayamo katika mfuko wa mwenyekiti wa klabu. Huamuliwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mtu anayetoa bei kubwa kwa klabu isiyo na mali, huku jicho lake likirudi rudi kwenye kiwanja kilicho kando ya barabara kuu ya Nyakanazi au Rusumo, aulizwe waziwazi kama shabaha yake ni mpira au ni maduka.

Wako watakaosema kwamba mali ya klabu ni watoto wenyewe. Hapa hatuna budi kusema kwa sauti isiyo na kigugumizi: mtoto si mali ya klabu, wala hawezi kuuzwa pamoja nayo. Mtu aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kujifunga kwa mkataba wa biashara, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka ustawi wake utangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Shirikisho la Mpira wa Miguu la Dunia, FIFA, nalo lilipiga marufuku tangu Mei 2015 mtu wa nje au kampuni ya nje kumiliki sehemu ya fedha zitakazopatikana mchezaji akihama. Kwa hiyo karatasi yoyote inayosema kwamba mfadhili atapata nusu ya bei ya kijana fulani akifika Ulaya ni karatasi isiyo na nguvu, hata kama mzazi ametia dole gumba.

Lakini tusidanganyane kwamba kapu ni tupu. Kimo kitu kimoja chenye thamani ya kweli, nacho ni kile ambacho viongozi wengi wa klabu zetu hawakijui, hali mnunuzi mwerevu anakijua sana. Kanuni za FIFA zinaitambua klabu iliyomlea mchezaji. Mchezaji anapohama kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha ya uhamisho hutengwa na kugawiwa klabu zote alizosajiliwa tangu mwaka aliotimiza umri wa miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kwa kila mwaka wa mwanzo, kati ya miaka 12 na 15, klabu hupata robo ya asilimia moja. Kwa kila mwaka wa baadaye hupata nusu ya asilimia. Tupige hesabu. Kijana aliyelelewa Ngara tangu miaka 12 hadi 15 akija kuhama kwa dola milioni moja, klabu yake ya utotoni inastahili dola 10,000. Ikiwa alibaki hapo hadi miaka 17, inastahili dola 20,000. Mbali na hiyo iko fidia ya mafunzo, inayolipwa kijana anaposajiliwa ugenini kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa. Kwa klabu zinazonunua mipira kwa kuchangishana, hizi si fedha ndogo.

Hata hivyo, haki hiyo haimo miguuni mwa mtoto. Imo katika daftari la usajili. Klabu isiyosajiliwa katika chama cha mpira, au iliyowachezesha watoto miaka minne bila kuandikisha hata mmoja, haina inachodai. Kiungo kati ya mchezaji na klabu kisipoonekana, fungu lile la asilimia humwendea mwenye dhamana wa mpira katika nchi, yaani chama cha taifa. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, inayosoma kumbukumbu za kielektroniki, si hadithi za wazee wa kijiji wanaokumbuka kwamba huyu tulimwona akicheza hapa. Na cheti cha kuzaliwa, ambacho wazazi wengi vijijini hukiona ni jambo la siku atakapohitaji kazi, ndiyo hati ya mwanzo itakayoulizwa.

Katika wilaya ya Ngara jambo hili lina uzito wa pekee. Wilaya hiyo inapakana na Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benako ikawa mji mkubwa kuliko miji yetu yote. Kambi zimekwisha kufungwa, lakini ndoa, biashara na ujamaa vinaendelea kuvuka mto na vilima kama zamani. Wahangaza na Washubi wanaelewana na majirani wa ng'ambo bila mkalimani. Basi mtoto anayecheza Kabanga huenda amezaliwa Muyinga, na wa Rusumo huenda ana shangazi Kirehe. Kanuni za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi hadi nchi, ila zimeweka nafasi chache za msamaha. Mojawapo ni ya watu wa mpakani: mtoto akiwa anakaa nyumbani kwao, si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani, na klabu ya ng'ambo nayo ikiwa ndani ya kilomita 50, na umbali wa kutoka nyumbani hadi klabuni usizidi kilomita 100, anaweza kusajiliwa ikiwa vyama vya nchi zote mbili vimeridhia. Kanuni hii iliwekwa kwa ajili ya watoto wa mahali kama petu. Lakini mlango uliofunguliwa kwa mtoto anayerudi kulala kwa mama yake waweza pia kupitiwa na mtu anayekusanya vijana kuwapeleka asikokujua mzazi. Mfadhili anayeanza mazungumzo kwa kuomba vyeti vya watoto na picha zao, kabla hajaomba kuiona katiba ya klabu, asikaribishwe chai.

Sasa turudi kwa muuzaji. Wengine watataja mfano wa Simba. Ni kweli kwamba mwezi Desemba 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya uwekezaji kwa kuahidi shilingi bilioni 20, na kwamba Serikali ilielekeza mwekezaji katika klabu ya wanachama asizidi asilimia 49, wanachama wakibaki na asilimia 51. Yanga nao waliifuata njia hiyo mwaka 2021. Utaratibu huo ulikusudiwa kuwalinda wanachama wengi, wenye kadi, wenye kupiga kura na wenye kelele nyingi pia. Klabu ya watoto haina ngao hiyo. Wanachama wake halisi ni watoto, nao hawapigi kura. Wanaoandikwa kama wanachama mara nyingi ni watu saba au kumi walioketi siku ya kuandika katiba. Asilimia 51 iliyo mikononi mwa watu saba si kinga. Ni bei ya watu wanne.

Tena klabu nyingi za namna hii zimesajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na baadhi ya vituo vya vijana vimesajiliwa kwa njia nyingine za mashirika yasiyogawa faida. Katika namna zote hizo hakuna hisa. Mwenyekiti ni mdhamini wa mali ya wengine, na katiba kwa kawaida husema mali itakwenda wapi chama kikivunjwa. Kiongozi anayepokea fedha ya "kuuza klabu" hauzi chake. Tunalitamka hili bila kumtuhumu yeyote. Wengi wa viongozi hao tunawajua kwa uchovu wao, si kwa tamaa yao, na mtu aliyechoka akiona mkono unaonyooshwa huushika bila kuutazama vidole.

Na uchovu huo ni wa kweli. Tusingependa kuonekana kama watu wanaowafukuza wenye fedha kwa maneno ya majukwaani. Safari ya kutoka Ngara kwenda Bukoba kucheza mashindano ya mkoa ni ya siku nzima, na watoto hulala kwenye sakafu za madarasa. Timu za wasichana, ambazo ndizo za mwisho kupewa mpira na za kwanza kunyang'anywa kiwanja, zinahitaji msaada zaidi. Fedha inahitajika. Historia yetu inaonyesha kwamba hata mlezi mwema hadumu: timu za mashirika ya umma, kama RTC Kagera ya mkoa wetu, Reli ya Morogoro, Sigara ya Dar es Salaam na Ushirika ya Moshi, zilipata kutikisa nchi, lakini mashirika yale yalipovunjwa au kuuzwa, nyingi ya timu hizo zilitoweka nayo. Tofauti kati ya mlezi na mmiliki ni kwamba mlezi akiondoka, mtoto angali na kwao.

Wenzetu wa Kenya waliipata njia inayofaa kutazamwa. Katika mitaa ya Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilianzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada, watoto wakicheza mpira na kusafisha mitaa yao. Mwaka 1994 ikatokea humo timu ya watu wazima, Mathare United, ambayo ilikuja kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Timu ile ilijiendesha kwa utaratibu wake, ikapata misukosuko yake ya fedha kama timu nyingine zote. Chama cha watoto hakikuingizwa mnadani pamoja nayo.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, kampuni ya madini au tajiri anayetaka timu katika Ngara au Biharamulo aunde timu ya wakubwa, aimiliki kwa haki, aipeleke Ligi ya Mabingwa wa Mikoa na mbele zaidi kadiri ya uwezo wake. Na klabu ya watoto iingie naye mkataba wa kushirikiana, si wa kuuzwa. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili. Ueleze kwamba timu haitahamishwa wilayani kwa miaka itakayokubaliwa, na kwamba ikihama jina libaki. Ueleze fungu la watoto wa kike kwa tarakimu, si kwa neno "tutajitahidi". Haki zote za malezi zinazotokana na kanuni za FIFA zibaki kwa klabu ya watoto, hata kama mfadhili ndiye aliyenunua mipira. Usomwe mbele ya mkutano wa wazazi, na nakala yake iwekwe kwa Afisa Michezo wa wilaya na kwa mtendaji wa kijiji. Mfadhili wa kweli hatakasirishwa na masharti hayo. Akikasirika, klabu itakuwa imepata habari njema mapema na kwa gharama ndogo.

Tunajua kwamba mambo mengine hapa yanahitaji wanasheria, na wilayani hawapatikani kwa urahisi. Daftari halihitaji mwanasheria. Kila klabu ianze sasa kuandika jina la kila mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi na mwaka alioanza kucheza hapo. Wasio na vyeti wapelekwe kuandikishwa. Kisha orodha ipelekwe kwenye chama cha mpira cha wilaya ili usajili ufanyike kwa taratibu zinazotambuliwa. Tunawaomba Maafisa Michezo wa Ngara na Biharamulo wayakague madaftari hayo kabla mashindano ya vijana ya msimu ujao hayajaanza, na vyama vya mpira vya wilaya viwapunguzie watoto ada ya usajili, au viiondoe kabisa.